Noeli ya Mwaka 1873 Mkunazini

Huambiwa mara kwa mara, hata darasani, kwamba Kanisa Kuu la Unguja ndilo lililokomesha soko la watumwa. Sivyo. Soko la Mkunazini (jina latokana na mti, mkunazi) lilifungwa mwezi Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash bin Said aliutia sahihi kwa kushurutishwa na Waingereza. Kanisa lilikuja nyuma. Padre Arthur West wa Misheni ya Vyuo Vikuu alikinunua kiwanja, na kipande kingine kilitolewa na Banyani mmoja mfanyabiashara. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Noeli, mwaka ule ule.

Lakini kufungwa soko si kufunguliwa mtumwa. Majumba yaliyokizunguka kiwanja yalikuwa na watumwa bado, na sheria iliwatambua hivyo hata mwaka 1897. Hapo twaona ugumu wa kazi ya Edward Steere, aliyewahubiri watu kwa Kiswahili katika kibanda, kabla kuta hazijainuka. Alitangaza kuzaliwa kwa Bwana. Na neno hilo hilo, bwana, mtumwa alimwitia mwenye kumnunua. Tena Kiswahili kilimtaka Mkristo ajiite mtumwa wa Mungu, mahali ambapo miezi saba kabla ya Noeli ile watu walikaguliwa meno kama punda. Sisi tufundishao leo twayatamka maneno hayo kwa wepesi. Waliokombolewa, waliosikia mahubiri yale, walijua bwana ni nani.