Wilberforce na Jumapili Yake

Tumezoea kumtaja William Wilberforce kuwa ni yule mbunge aliyepigana na biashara ya utumwa, basi. Ni nadra kuambiwa kwamba alikuwa pia mtu aliyeelemewa na shughuli kupita kiasi, asiyejua kumkatalia mtu. Alizaliwa Hull, Uingereza, mwaka 1759, akaingia Bungeni mwaka 1780. Miaka minne baadaye alichaguliwa kuliwakilisha jimbo kubwa la Yorkshire, na tangu hapo nyumba yake haikukauka wageni: wapiga kura, wachungaji, wenye shida za kila namna. Vyama vya hisani alivyojiunga navyo vilipita sitini.

Mzigo huo, tukumbuke, aliletewa na imani yenyewe. Alipoongoka mwaka 1785 alifikiria kuachana na siasa. Alimwendea kwa siri John Newton, mchungaji ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa, na Newton akamshauri abaki Bungeni. Makanisani kwetu jambo hili si geni. Mtu ameokoka juzi, leo ni mweka hazina, katibu wa kwaya na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Baada ya miaka mitatu anadhani amechoka na Mungu, kumbe amechoka na vikao.

Mwaka 1788 Wilberforce aliugua sana, waganga wakampa afyuni, dawa ya kawaida siku hizo, naye akaitumia hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1791 hoja yake ilishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka 1796 ilishindwa kwa kura nne tu, 74 kwa 70, kwa kuwa baadhi ya waliomuunga mkono walikuwa wamekwenda kutazama opera! Akaanguka tena kitandani.

Alichokuwa nacho ni Jumapili. Siku hiyo aliweka kando mambo ya serikali. Akaenda kanisani, akasali, akakaa na jamaa zake. Wala haikuwa desturi tu. Mwaka 1801, Waziri Mkuu Pitt alipojiuzulu na uvumi ukaenea kwamba huenda Wilberforce akapewa cheo, tamaa ya ukubwa ilimpanda, kama alivyoandika katika shajara yake. Jumapili ilipofika, tamaa ikapoa. Nadhani hapo ndipo penye siri ya pumziko lake. Mtu hulala usingizi akaamka bado amechoka, kwa sababu moyoni angali anajiona nguzo ya dunia. Yule aliyepiga magoti mbele ya Muumba wake siku nzima hawezi kujiona hivyo kwa urahisi.

Pitt, rafiki yake na hirimu yake, hakuwa na siku kama hiyo. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1798, alikwenda uwanja wa Putney Heath kupigana kwa bastola na mbunge mwenziwe, George Tierney. Hakuna aliyeumia, lakini Wilberforce alihuzunika, kwa tendo lenyewe na kwa siku iliyochaguliwa. Pitt alifariki Januari 1806, ana miaka 46. Wilberforce alikwenda mbali zaidi: waziri Castlereagh alipojiua mwaka 1822, alisema kukosa pumziko la Jumapili kulichangia. Hapo simfuati. Maradhi ya akili yana mizizi mingi, na wacha Mungu pia huyapata.

Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ilipita mwaka 1807, lakini Jumapili peke yake haikumtosha. Inasimuliwa kwamba mwanawe mdogo alilia alipobebwa naye, na yaya akaeleza kuwa mtoto huyo huwaogopa wageni. Mwaka 1812 aliiacha Yorkshire yenye fahari akachukua Bramber, jimbo dogo lisilo na kazi nyingi, apate kuwalea watoto wake sita. Mwaka 1821 alimwomba Thomas Fowell Buxton aishike kazi ya kuwatetea watumwa. Mwaka 1825 akatoka Bungeni kabisa.

Ijumaa tarehe 26 Julai 1833 aliletewa habari kwamba mswada wa kukomesha utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza sasa una uhakika wa kupita. Waliousimamia ni wengine. Alifariki usiku wa kuamkia Jumatatu.