Mashine Zilifika Nachingwea, Vitabu Je?

Hiace yako ikizimika popote kati ya Nachingwea na Ruangwa, swali la kwanza utakalolisikia ni hili: fundi yuko wapi? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: na kitabu chake kiko wapi? Kiwanda kinachounda gari huandika pia kitabu cha kulifungua na kulifunga. Lakini gari husafiri, kitabu kikabaki. Jambo hili halikuanza jana. Kwetu Kusini lina historia yake, na historia hiyo inaanza na karanga.

Mwaka 1946 Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akatoa wazo kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Serikali ya London ikamtuma Wakefield, aliyekuwa ameongoza Idara ya Kilimo hapa nchini, akaangalie. Ripoti yake ikataja ekari 3,210,000, yaani mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Msitu wa Nachingwea ukapigwa tingatinga. Reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1949 treni zikaanza kufika.

Sasa tuziangalie mashine zenyewe. Viwanda vya dunia ndiyo kwanza vilikuwa vinatoka vitani, matrekta mapya hayakutosha. Basi wakanunua mabaki ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino. Wakachukua na vifaru vya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta, yakabatizwa jina la Shervick. Mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kulima ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika hata 10,000.

Sababu zilikuwa nyingi. Udongo wa Kongwa uligeuka saruji wakati wa kiangazi, mizizi ilivunja vyuma, spea zilikuwa ng'ambo ya bahari, na madereva wengi walikuwa wamefundishwa haraka haraka. Lakini mimi najiuliza swali la mtu wa gereji. Shervick ikigoma, fundi angefungua kitabu gani? Cha kifaru au cha trekta? Na hata kama kitabu kilikuwepo, kiliandikwa Kiingereza, ilhali aliyeshika spana aliongea Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kiswahili. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango mkubwa umekufa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya hesabu. Vitabu vya hesabu havikukosekana. Vilivyokuwa adimu ni vile vya kusomwa na mwenye mikono yenye grisi.

Hata hivyo tusidhani kwamba watu walikaa bure. Fundi wa Kiafrika aliyenyimwa kitabu alijitungia lugha. Hebu ingia gereji yoyote usikilize. Usukani ni neno la mabaharia wa pwani, la jahazi, leo liko mikononi mwa dereva wa Ruangwa. Parafujo tuliachiwa na Wareno. Msumari umetoka kwa Waarabu. Spana, jeki, klachi, rejeta na difu tumewapokonya Waingereza na kuzipigapiga nyundo mpaka zikakaa sawa kinywani. Bisibisi nayo, ukiitamka tu unaiona inavyozunguka. Na shokomzoba je? Mwingereza akilisikia hatajua kwamba alilizaa yeye. Msamiati huu wote ulitungwa chini ya uvungu wa magari, na watu ambao hakuna aliyewaita waandishi.

Kisha Kusini ikafungwa. Reli ya Mtwara na Nachingwea ilisitishwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Barabara ya kwenda Dar ilikatwa na mto Rufiji. Kivuko kilikuwa ndiyo roho yetu, na masika yakikolea safari ilikuwa bahati nasibu, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuta kupanda bei duniani na vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi nzima iliishiwa fedha za kigeni. Spea zikawa adimu kama sukari. Katika hali hiyo fundi ndiye aliyekuwa kitabu. Alisikiliza injini kwa bisibisi aliyoiweka sikioni, akachonga bushi kwa mti, akakata gasketi kwenye boksi. Naam, tuwavulie kofia.

Lakini kitabu chenye miguu kina hatari zake. Hakina nakala. Kikizikwa, kimezikwa. Mwanafunzi wa gereji huiba kwa macho, anaona bolti zinakazwa lakini haambiwi kwa nini. Chukua mfano wa silinda hedi. Bolti zake hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na kitabu hutaja nguvu ya kukazia kwa tarakimu. Ukikaza ovyo ovyo hedi inakaa vibaya, gasketi inaungua, gari linachemsha, na mwenye gari anasema kalogwa na jirani. Kumbe dawa ilikuwa ukurasa mmoja tu.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, na kadiri miaka ilivyokwenda mengi yakawa ya Japani, ile Hiace tuliyoiita kipanya ikiwa mbele. Historia ikajirudia. Safari hii kitabu kikija ndani ya gari kimeandikwa Kijapani!

Je, mwenye kipanya atafute nini? Kwanza ajue kwamba vitabu ni vitatu. Kuna cha mwenye gari, kinachoeleza taa, oili na upepo wa tairi. Kuna cha gereji, kinachofundisha kufungua na kufunga. Na kuna cha spea, chenye michoro na namba. Anayetaka kujihudumia mwenyewe anahitaji hicho cha pili. Pili, asitafute kwa sura ya gari. Asome kibati cha kiwandani. Herufi LH ni Hiace ya dizeli yenye injini za ukoo wa L: 2L ni lita 2.4, 3L ni 2.8, 5L ni 3.0. RZH ni ya petroli, ukoo wa RZ. Kitabu cha Hiace iliyouzwa Ulaya kinaweza kufanana na yako kwa bodi tu, injini ikawa nyingine kabisa. Yale yale ya kifaru na trekta.

Faida yake ni hii. Dizeli hizo za ukoo wa L zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Huwaka kila kilometa 100,000 kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe. Ukikatika gari likiwa linatembea, pistoni zinagonga valvu. Asiye na kitabu anaona taa tu, na akipata mshauri mbaya anang'oa balbu.

Vijana wenzangu tunaopenda kalamu, hapa ndipo ninapotaka kuwafikisha. Mwaka 1969 Mmarekani aitwaye John Muir, fundi aliyesomea uhandisi, alitoa kitabu cha kutengeneza Volkswagen, pamoja na ile Kombi. Alikichapa yeye mwenyewe, bila kungoja kampuni kubwa. Akaongea na msomaji kama wamekaa kijiweni, akamtajia vifaa vya kuandaa kabla ya kazi, kisha hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wasiojua hata plagi wakafungua injini zao. Huyo alikuwa mwandishi, tena mkubwa.

Mimi natamani kuandika riwaya, na wengi wenu pia. Lakini lugha yetu inahitaji na kitabu cha kipanya. TUKI, ambayo sasa ni TATAKI, ilitupatia mwaka 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Ni kazi nzuri. Maneno ya gereji nayo yapo tayari, yanangoja daftari. Kaa na fundi wiki mbili. Andika kila anachokifanya na kila jina analolitaja, kisha mlinganishe na tarakimu za kiwanda. Mpe mwanafunzi wake asome akiwa ameshika spana. Pale atakaposita, mwandishi ndiye aliyekosea, na ukurasa huo uandikwe upya. Ukiweza kumwongoza mtu usiyemwona akarudisha hedi mahali pake na gari likawaka, hutashindwa kumwongoza mhusika wako mpaka sura ya mwisho.