Stesheni ya Kima na Simba Wake

Kamusi elezo, yaani kitabu kinachokusanya maarifa kwa makala fupi zilizopangwa kwa vichwa, humlazimu mwandishi kupambanua habari za stesheni yenyewe na kisa kilichotokea hapo tu. Mfano mgumu ni Kima ya Ukambani, kwenye reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwezi Juni 1900 ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikuwa ndani ya behewa pamoja na Wazungu wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua akiwa zamu, simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, ambao ulijifunga nyuma yake kwa sababu behewa lilikuwa limeinama, kisha akatoka na windo lake dirishani.

Kisa hiki hakiachiki, kwani behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lakini kukiachia makala nzima ni kuigeuza stesheni kuwa pango. Yafaa kwanza ielezwe kwamba reli ilikuwa ya njia moja, yenye upana wa mita moja, hivyo stesheni zilihitajika ili magarimoshi yapishane na injini za mvuke zijazwe maji. Vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi walioijenga nao wanastahili sentensi yao, tena kabla ya Ryall.