Ada ya Farasi Dume

Ukisimama katika Barabara ya Ngong, mjini Nairobi, Kibera iko kusini na Kawangware kaskazini. Jirani na Kibera utauona uwanja wa mashindano ya farasi, uliofunguliwa hapo mwaka 1954. Farasi wengi waliokimbia humo walizaliwa mbali, katika mashamba ya Bonde la Ufa. Lakini kabla hawajazaliwa palikuwa na swali la fedha: mwenye jike alipompeleka kwa dume wa mwenziwe, alilipia nini hasa?

Usicheke, msomaji. Swali hili limewashughulisha wenye sheria kwa karne nyingi.

Huko Uingereza, ulikotoka mchezo huu, wenye madume wa karne ya 18 walitangaza ada kwa gini, nayo gini moja ilikuwa shilingi 21. Tena palikuwa na fedha kidogo ya mtunza banda. Farasi Eclipse alishinda mashindano yake yote 18 katika miaka ya 1769 na 1770, kisha akamtajirisha bwana wake kwa kupandisha kuliko kwa mbio. Hasara, ikitokea, ilimwangukia mwenye jike. Farasi hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi, na mimba yaweza kuharibika hali fedha zimekwisha kulipwa. Ndipo zilipozuka desturi nyingine: kulipa mimba ikithibitika, au kumrudisha jike msimu wa pili bila malipo, au kutotoa hata senti mpaka mtoto azaliwe, asimame, anyonye. Mimi naliona sharti hili la mwisho kuwa la haki zaidi, ingawa mwenye dume hungoja karibu mwaka mzima. Na nani atashuhudia kwamba mtoto alisimama? Hapo huitwa daktari wa mifugo, na cheti chake chaweza kuwa na thamani ya fedha nyingi.

Sasa geuka utazame Kibera yenyewe. Mji huo ulianzishwa na Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan. Walikuwa askari wa miguu, si watu wa farasi wa mbio. Lakini ni Waislamu, na katika sheria yao jambo hili lina hukumu ya zamani. Katika hadithi zilizokusanywa na Bukhari, Mtume alikataza kuchukua malipo ya kupandisha dume. Wanazuoni wengi walieleza kwamba muuzaji hawezi kukabidhi anachokiuza, kwa maana mimba haimo mkononi mwake. Wafuasi wa Imamu Malik waliruhusu kukodi dume kwa muda maalumu, na zawadi isiyo na sharti haikukatazwa.

Kaskazini, ng'ambo ya Kawangware, liko jibu la tatu. Huko Kabete kilianzishwa mwaka 1946 kituo cha kutoa mbegu za mafahali. Mkulima alilipia mbegu na kazi ya mtaalamu, wala fahali hakumwona. Ng'ombe asiposhika mimba, hasara ni ya mkulima.

Kwa farasi wa mbio njia hiyo imefungwa: mtoto aliyepatikana kwa mbegu ya mrija haandikishwi katika daftari la ukoo wao. Basi hata leo jike hupakiwa garini, akasafirishwa mpaka kwa dume. Na kabla mlango wa gari haujafunguliwa, karatasi ya masharti huwa imekwisha kutiwa sahihi.