Pasi ya mbele: msimu wa 1906 wa chuo cha Wajesuiti cha Saint Louis

Katika historia ya michezo ya shule za Kikatoliki kuna msimu mmoja ambao wachache wanaukumbuka, nao ni ule wa mwaka 1906 wa timu ya Chuo Kikuu cha Saint Louis, chuo cha Wajesuiti katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Tunataka kuwasimulia ninyi vijana wa parokia habari zake, ingawa mchezo wenyewe si wetu. Sisi tukisema mpira, tunasema mpira wa miguu. Wamarekani wakisema mpira, wanasema mchezo mwingine: mpira wao una umbo la yai kubwa, hubebwa mikononi, na timu iliyo nao hujitahidi kusogea yadi baada ya yadi mpaka ivuke mstari wa mwisho wa wapinzani. Nao wapinzani wanaruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini.

Hadi mwaka 1905 ilikatazwa kabisa kurusha mpira kwenda mbele. Mtu aliweza kuurudisha nyuma kwa mwenzake, au kukimbia nao, basi. Kwa sababu hiyo mchezo uligeuka kuwa vita vya nguvu. Wachezaji walisongamana, wakashikana, wakalisukuma kundi la wapinzani kama watu wanaovunja mlango. Wengi walicheza bila chochote cha kulinda kichwa. Katika msimu wa 1905 peke yake walikufa wachezaji wasiopungua 18, wengi wao wakiwa vijana wa shule. Tarehe 9 Oktoba mwaka ule Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo huo. Chuo cha Columbia kiliufuta. Stanford na California viliuacha na kuchukua raga. Ilikuwa imefika mahali pa kuuliza kama mchezo unaozika vijana una haki ya kuendelea kuchezwa shuleni.

Jibu la wakubwa wa mchezo lilikuwa kubadili sheria. Mwanzoni mwa 1906 waliamua kwamba timu isogee yadi 10 katika majaribio matatu, badala ya yadi 5, ili kusukumana tu kusitoshe. Tena, kwa mara ya kwanza, waliruhusu pasi ya mbele. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa mkono wa birika. Mpira uliorushwa mbele ukianguka chini bila kuguswa na mtu, ulikuwa wa wapinzani papo hapo. Kocha mwenye wachezaji wazito na wenye nguvu angejitia hatarini kwa faida gani? Vyuo vikubwa vya mashariki viliijaribu pasi hiyo mara mojamoja, kisha vikarudia mazoea. Tukipima mambo kwa haki, hatuwezi kuwalaumu sana: mwenye kushinda kwa njia ya zamani haoni haraka ya kujifunza mpya.

Saint Louis haikuwa miongoni mwa vyuo hivyo vikubwa. Chuo kilianzishwa mwaka 1818, na baada ya miaka michache kikakabidhiwa kwa Wajesuiti, ambao wengi wao walikuwa vijana Wabelgiji waliofika Missouri mwaka 1823. Ni Ubelgiji huohuo ulioleta Wajesuiti Kwango, katika nchi yetu, mwaka 1893. Nasi tunaosoma habari hizi kutoka Kongo hatuna budi kutaja jambo jingine: Wajesuiti wale walipokwenda Missouri walikwenda na watumwa weusi sita, wanaume watatu na wake zao. Chuo hakikuwafungulia wanafunzi weusi milango hadi mwaka 1944. Kwa hiyo timu tunayoisifu hapa ilikuwa ya vijana weupe peke yao, na mwaka ule waliocheza, sisi tulikuwa bado chini ya Leopold II, tukihesabiwa kwa kilo za mpira wa aina nyingine, ule wa utomvu. Sifa ya timu haifuti hayo, wala hayo hayafuti kazi waliyoifanya.

Kocha wao alikuwa Eddie Cochems, mzaliwa wa Wisconsin, aliyekuwa amejiunga na chuo mwaka uleule. Cochems aliisoma sheria mpya akaona mlango mahali ambapo wengine waliona mtego. Aliwaomba wakuu wa chuo wamruhusu awachukue wachezaji mbali na mji, nao wakamkubalia. Wakati wa kiangazi timu ilikwenda ziwa Beulah, kusini mwa Wisconsin, ambako Wajesuiti walikuwa na mahali pa mapumziko. Huko walikaa karibu miezi miwili wakifanya kazi moja: kujifunza kurusha mpira na kuudaka.

Tusilipite jambo hilo haraka. Mpira wa wakati ule ulikuwa mnene kuliko wa leo, haukutengenezwa kwa kurushwa, na mkono wa kawaida haukuweza kuushika vizuri. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha namna ya kuurusha, wala timu ya kuiga. Ilibidi watafute wenyewe: vidole vikae wapi, mpira uzunguke vipi hewani ili usiyumbe, anayekimbia aondoke lini ili afike pamoja nao. Aliyejaliwa zaidi alikuwa Bradbury Robinson, mwanafunzi wa udaktari. Mwenzake Jack Schneider alijifunza kudaka. Fikirini majira mazima ya kiangazi ya kurudia tendo lilelile, kwa ajili ya sheria ambayo wenye busara wa siku zile waliiona haina maana.

Tarehe 5 Septemba 1906 walicheza na Chuo cha Carroll, katika mji wa Waukesha, huko huko Wisconsin. Mchezo ulikuwa umebana. Robinson alirusha mpira mbele, nao ukaanguka chini bila kuguswa. Hiyo ndiyo pasi ya mbele ya kwanza inayohesabiwa katika historia ya mchezo ule, na ilishindikana. Kwa sheria ya siku ile, mpira ulikwenda kwa Carroll. Kazi ya miezi miwili ilianza kwa hasara mbele ya watu wote, na Cochems angeweza kusema: basi, tukimbie kama wengine. Hakusema hivyo. Baadaye katika mchezo uleule Robinson alirusha tena, umbali wa yadi 20, yaani mita kama 18, Schneider akaudaka na kuvuka mstari. Saint Louis walishinda 22 kwa 0.

Kuanzia hapo msimu haukuwa na mashaka mengi. Waliwafunga Kansas 34 kwa 2. Mwishoni mwa Novemba waliwafunga Iowa 39 kwa 0, na siku ile, katika pasi 10 walizorusha, 8 zilifika mikononi mwa wenzao. Walicheza michezo 11, wakashinda yote 11. Kwa jumla walipata pointi 407, wakafungwa 11 tu.

Mtu angedhani kwamba nchi nzima ingewaiga mwaka uliofuata. Haikuwa hivyo. Magazeti makubwa yalikuwa mashariki, na mashariki hawakujali sana yaliyotendeka kando ya mto Mississippi. Wengi waliendelea kusukumana kama zamani, na mwaka 1909 vifo viliongezeka tena, hata sheria zikalazimika kurekebishwa upya mwaka 1910 na 1912. Hapa ndipo tunapoona uzito wa habari hii. Sheria nzuri ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu 1906. Kilichokosekana ni watu wa kuiamini kiasi cha kuifanyia mazoezi.

Tarehe 1 Novemba 1913, siku ya Watakatifu Wote, chuo kingine cha Kikatoliki kilisafiri kwenda West Point kucheza na timu ya jeshi. Chuo hicho ni Notre Dame, cha mapadri na mabruda wa Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo tangu 1958 linafanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda. Gus Dorais alirusha, Knute Rockne alidaka, na Notre Dame wakashinda 35 kwa 13. Safari hii waandishi wa New York walikuwapo. Kesho yake Marekani yote ilijua, na kwa miaka mingi watu walisimuliana kwamba vijana wawili wa Notre Dame ndio walioibuni pasi ya mbele. Simulizi hiyo inapendeza, hasa kwetu Wakatoliki, lakini si ya kweli. Jambo la kumheshimu Rockne ni kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa kocha mwenye jina kubwa kuliko wote, aliandika wazi kwamba Cochems na vijana wa Saint Louis walitangulia. Mtu anayepewa heshima isiyo yake huona vigumu kuirudisha, hasa pale ambapo hakuna anayemdai.

Cochems aliondoka Saint Louis baada ya msimu wa 1908. Robinson alipata shahada yake ya udaktari mwaka huohuo, akatibu watu hadi uzeeni. Chuo kiliacha kucheza mpira wa Kimarekani mwaka 1949, na timu yake ya mchezo huo haipo tena. Baada ya miaka kumi, mwaka 1959, yalifanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa ya vyuo vya Marekani katika mpira wa miguu, huu wetu. Kombe lilichukuliwa na Saint Louis, na hadi mwaka 1973 walikuwa wamelitwaa mara 10, moja kati ya hizo kwa kugawana na wenzao.