Mbio za winga zisiishie ukingoni: Namna wachezaji wa pembeni wanavyozalisha mabao

KATIKA viwanja vingi vya shule magharibi mwa Kenya, kuanzia Myanga, kituo kilicho kwenye reli itokayo Bungoma kuelekea Malaba, hadi viunga vya mji wa Kitale, nyasi huisha katikati kabla ya kuisha pembeni. Mbele ya lango huwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, ilhali kandokando ya mistari hubaki kijani. Huko ndiko hupangwa mtoto mwembamba mwenye kasi, na huko ndiko husimama mashabiki, hatua chache kutoka kwake, wakimshangilia kila anapompita beki.

Tatizo ni kwamba shangwe hizo mara nyingi huisha pamoja na mbio zenyewe. Winga hufika karibu na kibendera cha kona, huinua mpira bila kutazama, nao huangukia mikononi mwa kipa au nyuma ya lango. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mchezo wa pembeni ni mahali ambapo methali hiyo huonekana kwa macho.

Hasara yake si ndogo. Katika mashindano ya shule za sekondari, timu hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, taifa na hatimaye michezo ya Afrika Mashariki. Ni ngazi ambayo shule za ukanda huu, zikiwemo St. Anthony's ya Kitale na Wiyeta ya wasichana katika Trans Nzoia, zimejijengea jina kwayo. Katika hatua ya mtoano bao moja huamua nani ataendelea na safari na nani atarejea darasani. Winga aliyekimbia dakika 80 bila kumfikishia mwenzake mpira hata mara moja huwa amewafurahisha watu tu.

Kwa hivyo kazi ya winga haipimwi kwa umbali aliokimbia wala kwa idadi ya krosi alizomimina. Hupimwa kwa mpira uliomkuta mwenzake mahali anapoweza kufunga.

Hesabu ya upana

Sheria za kandanda huruhusu uwanja wa mechi za kimataifa kuwa na upana wa mita 64 hadi 75, na viwanja vingi vikubwa hupimwa mita 68. Eneo la hatari huchukua mita 40.32 za upana huo. Hivyo basi, kila upande hubaki ukanda wa takriban mita 14 kutoka mstari wa eneo la hatari hadi mstari wa pembeni. Ukanda huo ndio shamba la winga.

Winga anayesimama karibu na chaki huanza kazi hata kabla ya kuguswa na mpira. Beki wa pembeni akimfuata, huacha mwanya kati yake na beki wa kati, na kiungo au mshambuliaji anaweza kupenya hapo. Beki akikataa kutoka, winga hupokea mpira akiwa na nafasi ya kugeuka na kumkabili uso kwa uso. Kwa vyovyote vile, ngome hulazimika kuchagua.

Mambo hubadilika uwanja unapokuwa mwembamba. Sheria huruhusu uwanja wa mechi za kawaida kuwa na upana wa mita 45 pekee, na hapo kila upande hubakiza chini ya mita mbili na nusu. Winga hana tena barabara ya kukimbia. Katika uwanja wa namna hiyo, pasi fupi za kupeana na kurudishiana na kiungo aliye karibu hufaa kuliko mbio ndefu.

Njia nne za kuzalisha nafasi

Ya kwanza ni krosi ya mapema. Mpira hupigwa kabla ya mabeki kurudi na kujipanga, ukapinda kuelekea pengo lililo kati yao na kipa wao. David Beckham wa Manchester United alijulikana kwa krosi hizo. Hakuhitaji kumpita beki, alihitaji nafasi ya kuutupa mguu tu.

Ya pili ni krosi ya juu inayotafuta kichwa. Mashabiki wa Afrika Mashariki wanaikumbuka fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza ya Machi 1, 2020 uwanjani Wembley. Winga Anwar El Ghazi aliumimina mpira, naye Mtanzania Mbwana Samatta akaufunga kwa kichwa. Aston Villa ilishindwa 2-1 na Manchester City, lakini bao lile lilikuwa mfano wa krosi iliyomkuta mtu anayekuja kwa kasi badala ya kumkuta aliyesimama.

Ya tatu, ambayo vijana wengi huipuuza, ni pasi ya chini inayorudishwa nyuma kutoka mstari wa lango. Winga hufika mwisho wa uwanja kisha huurudisha mpira kuelekea eneo la kupigia penalti. Ubora wake una sababu mbili. Kwanza, mabeki huwa wanakimbia kuelekea lango lao wenyewe, hivyo hawawezi kuutazama mpira na kumtazama mpinzani aliye nyuma yao kwa wakati mmoja. Pili, mchezaji aliye nyuma ya mpira wakati unapopigwa hawezi kuhesabiwa kuwa ameotea. Anayepokea huwa anatazama lango, na mpira huja miguuni mwake.

Ya nne ni kukata ndani. Winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto, kama Arjen Robben enzi zake Bayern Munich au Mohamed Salah alipokuwa Liverpool, huingia katikati ili apige shuti au atoe pasi ya kupenyeza. Anapoondoka pembeni, huacha njia kwa beki wake kupanda. Ndivyo Trent Alexander-Arnold, ambaye ni beki, alivyotoa pasi 12 za mabao katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2018-19, na 13 msimu uliofuata.

Krosi ni makubaliano

Hakuna njia kati ya hizo inayofaa kitu iwapo hakuna anayefika kupokea. Kwa kawaida wachezaji watatu hugawana kazi: mmoja hukimbilia mlingoti wa karibu, wa pili mlingoti wa mbali, na wa tatu huchelewa kidogo ili abaki karibu na eneo la penalti. Winga wa upande wa pili hastahili kusimama akitazama. Naye huingia ndani kutafuta mpira uliopita kila mtu au uliotemwa na kipa. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika jijini Cairo, Juni 27, 2019, Simon Msuva, winga wa Tanzania, alikuwa wa kwanza kuufikia mpira uliotemwa na kipa wa Kenya akautia kimiani dakika ya sita. Kenya ilishinda 3-2, lakini bao hilo liliwakumbusha mabeki kwamba winga aliye mbali na mpira si mtazamaji.

Upande wa pili wa somo hilo ulionekana Februari 9, 2014. Manchester United ilimimina zaidi ya krosi 80 dhidi ya Fulham ugani Old Trafford, ikaambulia sare ya 2-2. Mipira iliyopigwa juu kutoka mahali pale pale iliwapa mabeki warefu muda wa kuisoma na kuiondoa.

Kinachotenganisha krosi na kubahatisha ni kuinua kichwa. Mei 7, 2019 Liverpool ilipoilaza Barcelona 4-0, bao la nne lilitokana na kona iliyopigwa upesi na Alexander-Arnold baada ya kugundua kuwa mabeki wamezubaa. Aliyefunga alikuwa Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, mshambuliaji wa zamani wa Harambee Stars. Mpigaji alitazama, mfungaji alikuwa tayari. Hayo ndiyo makubaliano.

Mazoezi yanayowezekana Myanga

Stadi hizi hazihitaji vifaa vya gharama. Mawe manne yanatosha kuonyesha maeneo ambako mpira unapaswa kufika. Winga hukimbia na mpira, hutazama mara moja kabla ya hatua mbili za mwisho, kisha hutamka kwa sauti jina la mwenzake kabla ya kupiga. Kocha huhesabu mipira iliyomfikia mwenye jina hilo. Mingine, hata ikiwa imepigwa vizuri, haihesabiwi.

Hali ya uwanja nayo isomwe. Masika, pasi ya chini huweza kukwama topeni mbele ya lango, hivyo mpira ulioinuliwa kidogo hufaa zaidi. Kiangazi, ardhi ngumu huurusha mpira ovyo, na anayepokea hana budi kujiandaa kwa mdundo usiotabirika. Winga anayezoea kuchagua kulingana na ardhi aliyopewa hatashangazwa na uwanja wa ugenini.

Kasi ni kipaji, na katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia haijawahi kuadimika. Kutazama na kuchagua ni mambo ya kufundishwa. Kijana akifunzwa yote mawili mapema, shangwe za pembeni mwa uwanja hazitaisha kwenye kibendera cha kona, zitamsubiri mfungaji.