Zobrist: Kiraka aliyevunja ukame wa miaka 108

MASHABIKI wa soka mjini Migori, Awendo na Homa Bay wanamfahamu vyema mchezaji aitwaye kiraka. Huyo ndiye anayeanza mechi akiwa beki wa kulia, akasogezwa katikati baada ya mapumziko, kisha akamaliza akiwa winga kwa kuwa mwenzake ameumia. Husifiwa siku ya dhiki, lakini kikosi cha kwanza kinapotajwa, mara nyingi jina lake husomwa mwisho au halisomwi kabisa.

Katika besiboli, mchezo unaopendwa mno Marekani, Japani na visiwa vya Karibiani, mchezaji wa aina hiyo naye ana historia ndefu ya kusahauliwa. Miongoni mwa walioibadilisha historia hiyo, anayetajwa kwanza ni Ben Zobrist. Mmarekani huyo alicheza ligi kuu ya nchi yake kwa misimu 14, kuanzia 2006 hadi 2019, bila kujifunga katika nafasi moja.

Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Maisha ya Zobrist uwanjani yanaonyesha kwamba anayeshika saba naye anaweza kufika, mradi azishike zote kwa dhati.

Binamu wa raundas

Msomaji aliyecheza raundas katika shule ya msingi hatapata shida kuielewa besiboli, kwani michezo hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Timu moja hupiga mpira kwa gongo huku nyingine ikitawanyika uwanjani kuudaka. Anayepiga hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akirejea salama pale alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Kisha timu hubadilishana zamu, na mechi ya kawaida huwa na vipindi tisa.

Timu inayolinda uwanja huwa na watu tisa. Mmoja hurusha mpira na mwingine huchutama nyuma ya mpigaji ili kuudaka. Watatu hulinda vituo vitatu na wa nne husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Watatu waliosalia hulinda eneo la mbali upande wa kushoto, katikati na kulia.

Kila nafasi ina elimu yake. Anayelinda kituo cha tatu yuko karibu na mpigaji, hivyo mpira humfikia kwa kasi ya kutisha na hana muda wa kufikiri. Wa kituo cha pili hulazimika kuudaka, kugeuka na kuurusha kwa mwendo mmoja huku mpinzani akimjia mbio. Wa mbali huhitaji miguu mepesi na mkono wenye nguvu. Hata glovu hutofautiana: ile ya kituo cha kwanza haifanani na ya mlinzi wa mbali. Kwa sababu hiyo kiraka husafiri na glovu kadhaa mkobani.

Zamani uwezo wa kucheza kila mahali ulionekana kama kioja cha kuwafurahisha watazamaji. Mnamo Septemba 8, 1965, Bert Campaneris, mzaliwa wa Cuba aliyekuwa akiichezea Kansas City Athletics, alikuwa wa kwanza katika historia ya ligi kuu kucheza nafasi zote tisa katika mechi moja. Cesar Tovar wa Minnesota Twins, mzaliwa wa Venezuela, aliiga mfano huo Septemba 22, 1968. Umati ulishangilia, lakini siku zilizofuata kila mmoja alirejea katika majukumu yake ya kawaida.

Mwanzo mgumu

Zobrist alizaliwa Mei 26, 1981 katika mji mdogo wa Eureka, jimbo la Illinois. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alipomaliza shule ya sekondari, hakuna chuo kilichokuwa kimemwahidi ufadhili wa masomo kutokana na kipaji chake. Alilipa dola 50 kushiriki siku ya majaribio iliyohudhuriwa na makocha wa vyuo, na hapo ndipo Chuo Kikuu cha Olivet Nazarene kilipomwona. Baadaye alihamia Dallas Baptist.

Mwaka 2004 klabu ya Houston Astros ilimteua katika raundi ya sita, akiwa nambari 184 kwa jumla. Miaka miwili baadaye, Julai 2006, alibadilishwa na kupelekwa Tampa Bay katika mpango uliomhusisha mshambulizi mashuhuri Aubrey Huff. Wengi walimtazama kama nyongeza tu katika biashara hiyo. Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Agosti 1, 2006.

Mambo hayakumwendea vizuri. Mpigaji mzuri wa besiboli hufaulu takriban mara 30 katika kila majaribio 100. Zobrist alifaulu mara 22 hivi mwaka 2006, na 2007 akaporomoka hadi chini ya mara 16. Alirudishwa timu ya daraja la chini mjini Durham. Kwa mchezaji aliyekuwa amefikisha umri wa miaka 26, hiyo ilikuwa dalili kwamba riziki yake ingekatika mapema.

Nafasi saba, mtu mmoja

Kilichomwokoa ni mambo mawili. Kwanza, alijifunza upya namna ya kupiga mpira kwa nguvu. Pili, kocha wake Joe Maddon aliacha kuuliza ni nafasi gani inayomfaa, akaanza kumtumia popote palipokuwa na pengo. Mwaka 2008, klabu hiyo maskini ikilinganishwa na majirani zake New York na Boston ilifika fainali ya ligi, na Zobrist alichangia mipigo 12 ya kuzunguka vituo vyote.

Msimu wa 2009 ndio uliowatoa watu tongotongo. Zobrist alicheza nafasi saba, yaani zote isipokuwa ya mrushaji na ya mdakaji wa nyuma. Wakati huohuo alifaulu karibu mara 30 katika kila majaribio 100 na kupata mipigo 27 ya kuzunguka vituo vyote. Aliitwa katika kikosi cha nyota wa ligi, heshima aliyoipata tena 2013 na 2016.

Hapo ndipo tofauti ilipodhihirika. Kiraka wa zamani aliwekwa benchi akingoja mwenzake aumie. Zobrist alicheza takriban kila siku, ila leo hapa na kesho pale. Kocha aliweza kumpumzisha yeyote bila timu kudhoofika, na klabu iliokoa fedha ambazo ingezitumia kuwalipa wachezaji wa akiba watatu au wanne. Aidha, alipiga mpira kwa mkono wa kulia na wa kushoto, hivyo haikuwa rahisi kwa mrushaji wa upinzani kumkwepa.

Januari 2015 alipelekwa Oakland, na mwezi Julai mwaka huo akauzwa kwa Kansas City Royals waliokuwa wakiwinda ubingwa. Royals walitwaa taji hilo kwa kuishinda New York Mets. Desemba, akiwa na umri wa miaka 34 ambapo wengi hufikiria kustaafu, alitia saini mkataba wa miaka minne na Chicago Cubs wenye thamani ya dola milioni 56. Kocha wa Cubs alikuwa Maddon yuleyule.

Usiku wa Cleveland

Cubs hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1908. Vizazi vya mashabiki vilizaliwa na kuzikwa bila kuushuhudia. Katika fainali ya 2016 dhidi ya Cleveland walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, kisha wakasawazisha na kulazimisha mechi ya saba iliyochezwa Novemba 2 mjini Cleveland.

Baada ya vipindi tisa timu zilikuwa sare 6-6. Mvua ikanyesha na mchezo ukasimama kwa dakika 17. Uliporejelewa katika kipindi cha kumi, Cleveland waliamua kwa makusudi kumpa Anthony Rizzo kituo cha kwanza bila kumruhusu kupiga, wakiona afadhali wapambane na anayemfuata. Aliyemfuata alikuwa Zobrist. Aliupiga mpira ukapenya kando ya kituo cha tatu na kuambaa upande wa kushoto, Albert Almora akafunga, na Cubs wakaongoza 7-6. Waliongeza pointi moja na kushinda 8-7.

Ukame wa miaka 108 ukakoma. Zobrist, aliyefaulu mara 10 katika majaribio 28 ya fainali hiyo, alitawazwa mchezaji bora, wa kwanza wa Cubs kupata tuzo hiyo. Alikuwa amebeba kombe misimu miwili mfululizo, kila msimu na klabu tofauti. Aliaga uwanja baada ya msimu wa 2019 akiwa na jumla ya mipigo 167 ya kuzunguka vituo vyote.

Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo tuzo ya Glovu ya Dhahabu, ambayo huwaenzi walinzi bora wa uwanja, ilitolewa kwa kufuata nafasi. Asiye na nafasi moja hakuwa na safu yake. Ni 2022 ndipo safu ya kiraka ilipoongezwa, na washindi wa kwanza wakawa Brendan Donovan wa St. Louis na DJ LeMahieu wa New York Yankees. Zobrist alikuwa ameshaondoka miaka mitatu awali.

Funzo kwa klabu za nyumbani

Besiboli si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto mjini Williamsport, Marekani, na wakailaza timu ya jimbo la Oregon 3-2. Timu ya Uganda iliyofuzu 2011 ilikuwa imenyimwa viza. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male.

Lakini maana ya Zobrist kwa Migori na Homa Bay haiko katika gongo na glovu pekee. Sony Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya soka nchini mwaka 2006, mwaka uleule Zobrist alipoanza. Mwaka 2019, alipokuwa akistaafu, klabu hiyo ilitimuliwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani kwa mechi tatu, fedha zikiwa zimekauka. Hakuna kiraka awezaye kulipia basi la timu. Hata hivyo, klabu isiyomudu kusajili watu wawili kwa kila nafasi humtegemea kiraka kuliko klabu tajiri, na ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kumthamini.

Kwa kijana anayehamishwa kila Jumamosi kutoka ulinzi hadi ushambulizi, taaluma ya Zobrist ina onyo pamoja na faraja. Kucheza kila mahali hakukumtosha mwaka 2007, kwani alikuwa bado hajaimudu kazi ya kupiga. Alithaminiwa alipokuwa hodari popote alipowekwa. Kwa makocha nako kuna deni: anayeziba mapengo ya wengine astahili kuandikwa katika orodha ya kwanza, na kulipwa kama wenye nafasi zao.